Nchi Kununuliana Bidhaa: Habari za Karafuu, Merikani na Mchele

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua habari ya mfalme Sulemani na Hiramu, mfalme wa Tiro. Sulemani alitaka kuijenga nyumba ya Bwana, lakini katika nchi yake hapakuwa na miti ya kufaa, wala watu wenye ustadi wa kukata magogo kama Wasidoni. Hiramu naye alikuwa na mierezi na miberoshi ya Lebanoni, walakini mji wake ulikuwa pwani, na mashamba ya nafaka yalikuwa haba kwake. Basi wakapatana: Hiramu atoe miti, na Sulemani ampe kori 20,000 za ngano kila mwaka, pamoja na mafuta. Hiyo ni biashara ya nchi na nchi, na sababu yake yaonekana hata kwa mtoto mdogo, maana kila mmoja alikuwa nacho asichokuwa nacho mwenziwe.

Biashara za namna hii zimekuwako kwetu tangu zamani. Chemchemi za Uvinza hutoa maji ya chumvi, na watu waliyachemsha vyunguni kwa karne nyingi, na chumvi yake ikachukuliwa mbali sana katika bara, ambako wengine walikuwa wakichoma majani tu wapate majivu ya kukoleza mboga. Ugweno, katika milima ya Upare, palikuwa na wahunzi wa ukoo wa Washana walioyeyusha chuma, na Wachaga wa Kilimanjaro wakapata chuma chao huko. Arabuni nako hakuna miti ya kujengea. Kwa hiyo majahazi yalikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi, yamepakia tende na samaki wakavu, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko za Rufiji na Lamu. Wasafiri husimulia kwamba nyumba za kale za Ghuba vyumba vyake ni vyembamba, maana upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti ya mkoko. Hivyo mti uliokatwa katika matope ya Rufiji ulipima chumba cha mtu wa Kuwaiti ambaye hakuiona Rufiji maisha yake.

Haya yote ni mepesi kufahamika. Lakini mara nyingi nchi hununua kwa wengine kitu ambacho ingeweza kukifanya yenyewe, tena pengine ilikuwa ikikifanya zamani, ikaacha. Watu wa Ufipa walijua kulima pamba, kusokota nyuzi na kufuma nguo, hata hivyo nguo za ng'ambo zikaja zikazishinda nguo zao. Kisiwa cha Pemba kiliilisha Mombasa kwa mchele siku za Wareno, kisha zikaja siku ambapo Wapemba wenyewe walinunua mchele wa ng'ambo. Je, walikuwa wavivu? Wako wasemao hivyo, lakini mimi sikubali. Sababu yake yataka kuhesabiwa, wala si hesabu ngumu.

Nikiwauliza wanafunzi shuleni, hunijibu upesi kwamba kila mtu na afanye kazi anayoishinda wenzake. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, maana hutokea mtu mmoja akawashinda wenzake katika kila kazi. Tumfikiri seremala hodari, mwenye nguvu za jembe pia. Mlango mmoja humtwalia siku 2, na ngwe moja ya kulima humtwalia siku 1. Jirani yake si fundi, wala si mwepesi wa jembe: mlango humtwalia siku 10, na ngwe humtwalia siku 2. Seremala amemshinda jirani kwa yote mawili. Je, haina faida kwake kushirikiana naye?

Sasa tutazame. Seremala akitengeneza mlango mmoja ameacha kulima ngwe 2, maana ndizo ambazo angelima katika siku zile. Jirani akitengeneza mlango ameacha ngwe 5. Kwa hiyo mlango ni ghali sana nyumbani kwa jirani, na rahisi nyumbani kwa seremala, ukipimwa kwa ngwe. Wakipatana kwamba mlango mmoja ulipwe kwa ngwe 3, seremala hufanya kazi siku 2 akapata ngwe ambazo angezilima kwa siku 3. Jirani hulima siku 6 akapata mlango ambao ungemtwalia siku 10. Wote wawili wamepata nafasi, wala hakuna aliyemwibia mwenziwe. Siri ya jambo hili ni kwamba bei ya kweli ya kitu ni kile kitu kingine ulichokiacha ili ukipate hiki. Mtu asiyekiona kile alichokiacha hudhani amekipata hiki bure.

Hesabu ya namna hii iliandikwa mwaka 1817 na Mwingereza aitwaye David Ricardo, aliyekuwa mfanyi biashara ya hati za fedha mjini London, akatajirika, kisha akaandika kitabu cha elimu ya mali. Yeye alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Alisema, tuseme Uingereza hutaka kazi ya watu 100 kwa mwaka ili kupata nguo za kiasi fulani, na kazi ya watu 120 ili kupata divai ya kiasi fulani. Ureno hutaka watu 90 kwa nguo zile zile, na watu 80 kwa divai ile ile. Basi Ureno imeishinda Uingereza katika nguo na katika divai pia. Hata hivyo yafaa Ureno itoe divai ya watu 80, ipate nguo ambazo zingeitaka watu 90. Na Uingereza itoe nguo za watu 100, ipate divai ambayo ingeitaka watu 120. Wareno wameokoa kazi ya watu 10, na Waingereza wameokoa kazi ya watu 20.

Wenye elimu hiyo wameisifu sana hesabu ya Ricardo, nami naona ni kweli kama ilivyo kweli kwamba mbili na mbili ni nne. Ila msomaji mwangalifu atauliza neno moja. Wale watu 10 waliookolewa huko Ureno, faida yao ilikwenda mfukoni mwa nani? Kitabu husema habari za nchi kana kwamba nchi ni mtu mmoja mwenye tumbo moja. Tena Ureno haikuanza kununua nguo za sufu za Uingereza kwa hesabu tu. Mwaka 1703 palifanyika mapatano kwamba nguo zile ziruhusiwe kuingia Ureno, na divai ya Ureno itozwe ushuru pungufu kwa theluthi kuliko divai ya Wafaransa. Wafalme na mawaziri walikuwa mezani kabla ya hesabu. Kwa sababu hiyo nataka tuipime hesabu hii kwa habari za visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, ambako tunaweza kuona hesabu na watu pamoja.

Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali sana upande wa mashariki, katika nchi ambayo leo huitwa Indonesia. Waholanzi walipovishika visiwa vile katika karne ya 17 walitaka wawe peke yao duniani katika kuuza karafuu, hata wakaamuru mikarafuu ing'olewe katika visiwa vingine, isalie Ambon na jirani zake tu. Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, akafanya shauri la kuipata miche kwa siri, na mwaka 1770 ikafika katika kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa ikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaota vizuri, kwani udongo na mvua zilikuwa kama za kwao.

Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, ndiye aliyeitia biashara hiyo nguvu. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mkarafuu hutaka subira, maana hukaa miaka sita au saba au zaidi kabla ya kuzaa. Kisha kazi yake ni ya mikono mitupu: vikonyo huchumwa kabla ua halijafunguka, karafuu huchambuliwa zitengwe na makonyo, halafu huanikwa majamvini kwa siku kadha, na mvua ikinyesha ghafula watu wote hukimbia kuzianua. Zikichelewa kuchumwa zimeharibika. Basi ilihitajiwa mikono mingi kwa wakati mmoja, na wenye mashamba hawakutaka mikono ile iwe mbondeni ikilima mpunga.

Mwenye shamba aliona kwamba frasila za karafuu zilimnunulia mchele mwingi kuliko ule ambao ardhi ile na siku zile zingalimzalia. Hesabu yake ilikuwa ile ile ya seremala. Akapanda mikarafuu, akanunua mchele. Wengi walipofanya vivyo, karafuu zikazidi na bei ikashuka sana kabla ya miaka ya 1850, lakini mti uliokwisha kupandwa hauwezi kugeuzwa kuwa mpunga kwa siku moja, nao waliendelea.

Wakati huo huo merikebu zilikuwa zikija kutoka Salem, mji wa bandari katika nchi ya Massachusetts huko Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano na Wamarekani kwamba walipe ushuru wa 5 kwa mia juu ya bidhaa walizoshusha, na mwaka 1837 balozi wao, Richard Waters, akakaa Unguja. Walileta nguo nyeupe nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mashine katika viwanda vya kwao, nayo ikaitwa merikani. Ilikuwa imara, haina hila ya wanga, na watu wa bara wakaipenda hata ikawa kama fedha: ushuru wa njia ulilipwa kwa doti za merikani, na mshahara wa mpagazi vile vile. Wamarekani walirudi na pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Sandarusi ilikwenda Salem kusafishwa, ikawa rangi ya kung'arisha mbao, na pembe zikawa vitana na vibao vya piano. Kila upande ulitoa kilicho rahisi kwake, ukapokea kilicho ghali kwake. Ricardo angalifurahi.

Lakini sasa turudi kwa Sulemani. Katika habari ile ya mierezi yako maneno ambayo wasomaji wengi huyapita upesi. Sulemani alitoza shokoa katika Israeli yote, watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Ngano ile iliyolipwa kwa Hiramu ililimwa na watu, na mierezi ile ilikatwa na watu walioacha mashamba yao. Wafalme wawili waliridhika. Hata Sulemani alipokufa, makabila kumi yakamwendea Rehoboamu mwanawe kusema habari za nira nzito ya baba yake, naye akawajibu kwa ukali. Na Adoramu aliyekuwa juu ya shokoa alipotumwa kwao, wakampiga kwa mawe hata akafa. Ufalme ukagawanyika.

Unguja na Pemba karafuu zilichumwa na watumwa. Waliletwa kutoka pande za Nyasa na nchi nyingine za bara, wakauzwa sokoni, wakawekwa mashambani. Nguo ya merikani nayo, tukifuata uzi wake hadi mwanzo, ilitoka kwa pamba iliyolimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na wachumaji wa pamba ile walikuwa watumwa, watu weusi ambao babu zao walichukuliwa kutoka Afrika. Basi mtu aliyevaa shuka ya merikani pale Ujiji alivaa jasho la mtumwa wa Kiafrika aliye ng'ambo ya bahari, na pembe iliyoinunua shuka ile mara nyingi ilichukuliwa hadi pwani mabegani mwa watu wasio na hiari. Katika vitabu vya forodha hesabu ilikuwa sawasawa, frasila hizi kwa gora hizi. Mtumwa hakuandikwa kuwa ametoa kitu, ingawa yeye ndiye aliyetoa vyote.

Hapa naona ndipo hesabu ya seremala inapoachana na mambo ya dunia. Seremala na jirani yake walipatana wenyewe, na kila mmoja alipokea faida ya siku alizoziokoa. Mtumwa wa Pemba hakuulizwa kama mpunga wamfaa kuliko karafuu. Bei ya mchele ilipokuwa nzuri au mbaya, faida haikuwa yake, lakini njaa ilikuwa yake. Kwa hiyo mtu akisema, “Nchi fulani imepata faida kwa biashara,” haki ni kumwuliza, “Nani katika nchi hiyo?” Kumwuliza hivyo si kuikataa biashara.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mahali pale Mkunazini likajengwa kanisa la Kristo, ambalo lasimama mpaka leo. Lakini waliokwisha kuwa watumwa visiwani hawakupewa njia ya kisheria ya kudai uhuru wao mpaka mwaka 1897. Tangu hapo mikono ya kuchuma ikaanza kuwa na bei yake, na wenye mashamba wengi wakalia kwamba karafuu hazina faida tena. Kumbe faida waliyokuwa wakiihesabu sehemu yake ilikuwa ujira usiolipwa.

Liko na jambo la pili, nalo ni umbali wa mnunuzi. Mwaka 1861 vita vilianza Marekani kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, vikaendelea hata 1865. Pamba ikakosekana, merikani ikapanda bei, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake. Mtu wa Tabora hakupata kusikia jina la vita vile, lakini shuka yake ilimwambia. Ajabu ni kwamba jina la merikani lilibaki, hata kwa nguo zisizoiona Marekani.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu mwaka ule ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Shamba la mihogo likiangushwa na upepo, baada ya mwaka hula tena. Shamba la mikarafuu likiangushwa, mwenyewe husubiri hata mtoto aliyezaliwa siku ya tufani aanze shule.

Siku za vita vikuu vya pili visiwa vilionja upande mwingine. Mchele mwingi ulikuwa ukiletwa kutoka Burma. Mwezi wa Machi 1942 Wajapani wakautwaa mji wa Rangoon, na mchele ule ukakatika. Watu walioacha mpunga kwa sababu karafuu ziliununua mchele, sasa walikuwa na karafuu, wala hapakuwa na mchele wa kununua. Serikali ikawahimiza watu walime mihogo na vyakula vingine. Karafuu hailiwi, hata mtu akiwa na gunia zima.

Wengine wakisoma haya watasema basi heri kila nchi ilime na kufuma vitu vyake vyote, isimtegemee mtu. Nami siwezi kukubaliana nao pia. Bara palikuwa na njaa nyingi zamani kabla ya merikebu za mchele, na mwaka wa ukame wilaya ile iliyokula mavuno yake tu ilikufa na mavuno yake. Nchi yenye kununua na kuuza hupata chakula kutoka mahali ambapo mvua imenyesha. Wana wa Yakobo walikwenda Misri kununua nafaka, na wangalikaa Kanaani kwa fahari ya kujitegemea wangalikufa. Kinachotisha ni nchi kuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, na mnunuzi mmoja tu wa kukinunua.

Jambo hilo liliwapata Wapemba kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Huko Jawa, katika mji wa Kudus, watu walikuwa wamebuni tangu mwisho wa karne ya 19 sigara zilizochanganywa tumbako na karafuu, ziitwazo kretek. Zikapendwa sana, hata karafuu za Maluku hazikutosha. Basi nchi ile ile ambayo ndiyo asili ya mkarafuu ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba, na merikebu zikapeleka karafuu kwa watu waliotupa mbegu. Hayo yaliendelea miaka mingi katika karne ya 20, na visiwa vikaishi kwa fedha hiyo. Lakini Waindonesia nao walijua kuhesabu. Wakapanda mikarafuu kwa wingi, hasa katika miaka ya 1970, na ilipoanza kuzaa wakaacha kununua. Katika miaka ya 1980 bei ikaanguka, na mapato ya visiwa yakaanguka pamoja nayo. Wako wakulima walioiacha mikarafuu yao iote magugu, na wengine wakaikata kuni.

Leo Indonesia ndiyo yenye kulima karafuu nyingi kuliko nchi zote, na nyingi katika hizo huzivuta yenyewe. Pemba bado huchuma, na majira ya mavuno harufu yake husikika barabarani kabla ya kuyaona majamvi. Katika mabonde ya kisiwa mpunga hulimwa pia, kama ulivyolimwa siku za Wareno. Lakini sehemu kubwa ya mchele upikwao visiwani bado huja kwa meli kutoka ng'ambo.